Shukrani Iliyosikika Mbali

27 Desemba

Mwenzangu Mama Mapacha,

Simu yako kila nikipiga haipatikani, nikasema labda huko kwa kaka yako mtandao ni wa kuufuata juu ya paa. Basi nimeamua kuandika kama watu wa zamani. Barua hii nimempa dereva wa lori linalokuja kuchukua mbao kwenye karakana ya kaka yako. Ameniahidi ataitia mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Mnaendeleaje? Watoto wanalala? Tangu mlipoondoka baada ya maziko ya Baba Mapacha, nikikaa kwenye cherehani nautazama mlango wenu. Bado nasahau. Nangoja utoke na beseni la nguo.

Krismasi imepita. Majoho ya kwaya yalinitoa jasho, pindo la mwisho nililishona pasi ikiwa tayari inachemka. Lako nimelitundika kabatini, linakungoja. Kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Kimya alikuja, amevaa ile suti niliyomshonea, anatembea kama mtu aliyeazima miguu. Unamjua mume wangu: akisema maneno matatu kwa siku, hiyo ni sikukuu. Lakini tangu boila lipasuke pale kiwandani, hata hayo matatu ameyapunguza. Anakaa anatazama mikono yake. Nikimwambia, mume wangu, mshukuru Mungu, wewe u mzima, ananyanyuka na kutoka nje.

Mchungaji aliwaomba wenye shukrani za mwaka wasimame. Nikasimama. Ningekaaje? Mtu aliyepaswa kuwa zamuni jioni ile akashikwa na homa, akalala kitandani kwangu na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, huku zamu yake akiichukua Baba Mapacha... Basi, unajua mwenyewe. Nilisema machache tu. Watu walilia. Mchungaji alinishika mkono akasema ushuhuda wa namna ile hajausikia siku nyingi. Wewe nilikukumbuka moyoni, ila sikukutaja, nisije nikakutonesha.

Mungu akufariji, yeye hakosei. Rudi upesi. Sauti ya pili bila wewe imekuwa meza ya miguu mitatu.

Jirani yako,
Fundi


3 Januari

Fundi,

Barua yako imenifikia. Dereva alinikuta nafagia unga wa mbao.

Kaka yangu ana redio. Inakaa karakanani juu ya rafu ya misumari na haizimwi. Siku ya Krismasi aliileta ndani tusikilize ibada ya huko kwetu, maana mimi sikuwa na nguvu za kwenda kanisa la hapa kutazamwa. Wifi alikuwa anamenya njegere, watoto wamekaa chini wanamsaidia, yaani wanazila. Nikaisikia kwaya yetu. Nilifurahi, sitakuficha. Nilimtambua kila mmoja, nani anawahi, nani anavuta. Halafu nikasikia sauti yako.

Unaniandikia kwamba ulisema machache. Ulisema mengi, Fundi, na mimi nimeyashika yote. Ulisema Mungu ana watu wake anaowafunika kwa mkono wake. Ulisema kama yule mzee aliyempandisha mwanawe mlimani kumtoa sadaka, akainua macho akaona kondoo kichakani, ndivyo na wewe ulivyoinua macho ukaona Mungu amejipatia mwingine mahali pa mume wako. Watu wakapiga makofi. Nayo makofi niliyasikia.

Wifi alikwenda kuizima redio, akawa anapapasa, kitufe hakioni. Mtoto wangu, yule aliyemtangulia mwenzake kuzaliwa, akaniuliza, "Mama, kondoo ni baba?"

Wewe mwenye ushuhuda, mjibu.

Na hiyo homa unayoizungumzia, mume wako hakuwa na homa. Muulize.

Joho langu mpe mwingine.

Mama Mapacha


9 Januari

Mama Mapacha,

Nimeianza barua hii na kuichana, nimeianza tena na kuichana. Ya kwanza ilisema sikujua kwamba redio ya kanisa inafika huko. Ni kweli, sikujua. Lakini nilipoisoma nikajiona nilivyo. Najitetea kwa kuwa hukutakiwa kusikia, kana kwamba maneno yale yangekuwa safi kama ungekuwa kiziwi.

Nikwambie lilivyokuja lile la kondoo, maana ukinichukia ni bora unichukie kwa haki. Halikuniponyoka. Lilinijia nikipiga pasi majoho, nikalipenda. Nikalijaribu kwa sauti, nikaona linanoga. Nikaenda nalo mbele ya kioo. Nilijua mahali pa kunyamaza kidogo na mahali watu watakapolia. Katika kulipamba kwangu kote, mume wako hakunipitia akilini hata mara moja kama mtu. Yule aliyekuwa akiimba bezi kama pikipiki inayopanda mlima, akatuchekesha hata kwenye nyimbo za toba. Yule aliyekiinua kitanda changu peke yake tulipohamia hapa. Nilimwona kama kitu kilichofaa kuwekwa mahali fulani katika maneno yangu, kama kifungo. Uso wangu sijui niuweke wapi.

Nilimuuliza Kimya habari za homa. Tulikuwa mezani. Akaweka kijiko chini, akaondoka, akarudi chakula kimeshapoa, akakila vilevile. Nilimgusa jioni ile mwenyewe, Mama Mapacha, shingo ilikuwa ya moto. Sasa unataka kuniambia nini? Kama unalijua jambo, liseme. Kama ni mwanamke, liseme pia, nimeshazoea kuumbuka mwezi huu.

Liko na hili. Mchungaji anataka niurudie ushuhuda ule Jumapili ya shukrani, na watu wa redio wamekubali kuja tena. Anasema umewagusa wengi. Sijamjibu.

Usinisamehe haraka. Niandikie tu.

Fundi


15 Januari

Shemeji,

Mimi kuandika sikuzoea. Barua ya mwisho niliyotuma ilikuwa ya kuomba kazi kiwandani, na ile aliniandikia marehemu.

Jioni ile mume wako alinikuta katika chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa ametoka kupika sabuni, mikono bado ina magadi. Aliniambia, "Kimya, nichukulie zamu yangu ya Krismasi, nami nakuchukulia yako ya leo." Alisema tangu watoto wazaliwe hajawahi kula Krismasi mezani kwake. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikuwa nimechoka, nikawaza kitanda.

Nilipofika mlangoni kwangu nikaiona suti imening'inia. Mke wangu aliishona kwa ajili ya Krismasi, na alishawatangazia wanakwaya wote kwamba mwaka huu nitakuja. Nikaogopa, shemeji. Mtu mzima, kila siku nasimama mbele ya tangi linalochemka, nikaogopa kumwambia mke wangu kwamba sitakuwepo kanisani. Nikasema kichwa kinaniuma na naona baridi. Nilikusudia kumweleza kesho yake. Nilikuwa nimetembea kwa haraka, shingo ina joto, akanigusa akasema kweli unachemka, akaniwekea kitambaa cha maji. Nikalala na uongo wangu, natunzwa.

Kishindo tulikisikia hapa nyumbani. Vyombo vilitikisika rafuni. Mke wangu alinikumbatia, akalia, akasema homa hii imetoka kwa Mungu. Niliruka kitandani nikakimbia kiwandani, nikafika wakati wanamtoa. Niliporudi, nyumba imejaa majirani, na kila mmoja ameshaambiwa habari ya homa. Walinishika kichwa. Walimsifu Mungu. Ningesema nini? Uongo wangu mdogo ulikuwa umeshapandishwa madhabahuni kabla sijaushika mkia.

Siku ya Krismasi kiwanda kilikuwa kimefungwa na zamu hazikuwepo. Lakini saa zile nilishampa yeye, na mimi nilikuwa nimekaa kanisani na suti. Mke wangu alipotaja kondoo nilitazama viatu vyangu. Ningeweza kusimama. Watu wananiita Kimya wakidhani ni upole. Siku ile haukuwa upole.

Leo mchana nimemwambia mke wangu yote. Alikuwa anashona. Hakunyanyua kichwa. Uzi ulikatika, na yeye akaendelea kukanyaga cherehani, kitambaa kikipita bila uzi, mpaka nikamshika bega.

Siombi kitu. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Kimya


22 Januari

Shemeji,

Barua yako ni ndefu kuliko maneno yote uliyowahi kuniambia. Marehemu angeitundika ukutani.

Uliyoniandikia mengi niliyajua. Nilijua kwamba yeye ndiye aliyeomba mbadilishane, maana aliaga kwangu. Alipita nyumbani mara moja kuniambia, akala amesimama, akarudi kiwandani anapiga mluzi. Usilolijua wewe ni hili: wazo halikuwa lake. Ni mimi niliyemng'ang'ania. Wiki nzima nilimsema. Nilimwambia watoto wako watakujua kwa viatu vyako mlangoni tu, kila sikukuu wanakula na kiti kitupu. Nikamwambia mtafute mtu mbadilishane, muombe Kimya, Kimya hawezi kukataa. Jina lako nililitoa mimi.

Tangu siku ya maziko nilikuwa nalo hili peke yangu. Kaka hajui. Nilikuwa nikiamka nalo na kulala nalo. Halafu Krismasi nikamsikia mke wako redioni. Naona haya kuliandika: nililia, lakini ndani yangu kitu kilipumua. Nilipata mtu mwingine wa kumchukia, si mimi mwenyewe tu. Ile barua niliyomwandikia ilikuwa na haki yake, siifuti. Lakini niliiandika kwa njaa. Habari ya homa niliichomeka ili imchome, na nilijua itawagombanisha.

Kwa hiyo, shemeji, kama ni foleni ya wenye aibu, simama nyuma yangu.

Kaka yangu ni mtu wa sala. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana anatukusanya, tunashukuru kwa pumzi, kwa kazi, kwa mwaka mpya. Nafumba macho na wenzangu. Neno asante silipati. Simwambii Mungu namkataa. Namwambia nimekuja, nimekaa hapa, sina kitu cha kusema. Sijui kama hiyo nayo inaitwa imani.

Mwambie mke wako asisimame tena mbele ya watu kwa ajili yangu. Si kwa kujisifu wala kwa kujilaumu. Abaki nyumbani tu, ashone.

Mama Mapacha


30 Januari

Mama Mapacha,

Barua yako kwa Kimya ilifika Jumapili ya shukrani imeshapita. Umenikataza nisisimame, na mimi nimeshasimama.

Baada ya Kimya kuniambia, nilikaa siku kadhaa bila kushona. Kisha nikamwendea Mchungaji, nikamwambia niko tayari. Sikumwambia niko tayari kusema nini. Watu wa redio walinyoosha nyaya zao, kanisa limejaa kama Krismasi, nikaenda mbele. Nikasema niliyoyasema siku ile hayakuwa kweli. Homa haikuwepo. Mume wangu hakufunikwa na mkono wowote zaidi ya wenzake, bali rafiki yake alitaka kula na watoto wake siku ya sikukuu, na kwa ajili hiyo akaenda kazini. Nikasema marehemu hakuwa kondoo wa mtu. Nikasema siku ile sikumshukuru Mungu, nilijishukuru mimi kwa kudhani ananipenda kuliko jirani yangu.

Hapo nikakwama. Watu walikuwa wananong'ona. Mchungaji akaja taratibu, akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akasema dada yetu bado ana majonzi, tumwombee. Kwaya wakaanza wimbo, kila sauti na njia yake. Katikati ya wimbo Kimya akasimama kwenye benchi lake, na ile suti. Akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Ni kweli anavyosema." Wakaendelea kuimba. Alibaki amesimama mpaka wimbo ukaisha.

Tulitoka kwa mlango wa pembeni. Sasa wapo wanaosema nimechanganyikiwa, na wapo wanaosema nimemwaibisha Mungu mbele ya redio. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, najua. Wala sikuandikii unionee huruma.

Nikuambie jambo baya zaidi, kwa kuwa sitaki kuficha tena. Hata nilipokuwa natubu, upande mmoja wangu ulikuwa unasikiliza sauti yangu inavyotoka. Umekuwa sahihi kunikataza. Sijui kama kuna mahali ndani yangu pasipokuwa na kipaza sauti.

Kusali kwangu sasa kumekuwa kugumu. Asubuhi naamka, namsikia Kimya anapumua pembeni yangu, na moyo unaruka kwa furaha. Siwezi kuuzuia. Nafungua mdomo niseme asante, nakuona wewe. Neno lenyewe naliona linakanyaga kaburi. Basi nafunga mdomo. Sisemi na sikatai. Jana Kimya aliniuliza mbona sisali kabla ya kula, nikamwambia sijapata maneno yasiyomdhulumu mtu. Akasema tukae kidogo tu kabla ya kushika vijiko. Tukakaa. Hiyo ndiyo sala ya nyumba yetu siku hizi.

Nimeimba habari za hori na mtoto aliyelazwa humo tangu nikiwa msichana, na sidhani niliwahi kufikiri yule mtoto alikuja kwa nani. Nilimfanya wangu, kama mtu aliyeshinda zawadi. Ikiwa alikuja, basi alikuja pia pale kwa kaka yako, kwenye njegere na redio isiyozimika, na kwangu alinikuta kwenye kioo.

Ulisema nimjibu mtoto. Sitaki kumjibu kwa barua. Nataka kuja nimwambie usoni kwamba baba yake hakuwa kondoo, na kwamba aliyesema hivyo ni mimi, na nilikosea. Dereva wa lori anasema ana nafasi mbele kwa watu wawili. Ukikataa, sitakuuliza kwa nini.

Fundi


8 Februari

Mwenzangu,

Jumapili ile sikukusikia. Nilikuwa nimemwomba kaka atoe betri. Kwa hiyo uliyoyasema kanisani nimeyasoma tu hapa, kwa mwandiko wako, hakuna makofi wala mtu wa kulia. Nimeona ni afadhali hivyo.

Nimekasirika bado. Inakuja na kuondoka. Juzi nilikuwa napanga mbao na kaka, nikakumbuka makofi yale, nikaipiga mbao teke mpaka kidole kikavimba. Kaka akaniuliza mbao imekukosea nini. Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nije hapa, na baada ya kucheka nikaona haya, kana kwamba nimemwibia marehemu kitu. Unaona tulivyo. Wewe huwezi kushukuru, mimi siwezi kucheka, na huenda hakuna aliyetukataza.

Nimemwambia kaka yale niliyomwandikia Kimya, kwamba ni mimi niliyemtuma mume wangu kubadilisha zamu. Nilidhani atanihubiria. Badala yake akasema yule bwana aliwapenda sana mkewe na wanawe, na mtu anayependwa nyumbani huwa anahimizwa arudi. Kisha akarudi kwenye randa yake.

Jana ilikuwa zamu ya watoto kuombea chakula. Yule aliyemtangulia mwenzake akafumba macho, akashukuru kwa chakula, akashukuru kwa mjomba na kwa wifi yangu, akamshukuru Mungu kwa meno yake mapya. Halafu akasema, "Na asante baba mkubwa Kimya hakufa."

Hakuna aliyemfundisha. Kaka hakuinua kichwa. Wifi hakuinua kichwa. Mtoto amemaliza, anangoja tuitikie, na wote wameniachia mimi. Nikafungua mdomo. Amina haikutoka. Mwenzake akanichungulia kwa jicho moja, akangoja, akaona simalizi, akaisema yeye, akachukua kijiko.

Mimi bado sijaisema. Njooni hivyo hivyo.

Mama Mapacha